Nilivyogonga Dirisha la Villa ya Muaither

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa. Nikaacha shule, nikawabebea maji mafundi waliokarabati nyumba ya Mwingereza kule Molo. Ilikuwa nyumba ya mawe matupu, madirisha yamezungushiwa mawe ya kuchongwa, bomba la moshi refu kuliko misonobari. Hapo nilijifunza kugonga jiwe kwa nyundo, nisikie linavyolia. Jiwe zima hulia kama kengele. Hadi leo naiota ile nyumba.

Mwaka 2012 nilikuwa mlinzi Doha, kwenye villa moja ya mtaa wa Muaither. Mwenye nyumba alisoma Uingereza, akajenga nyumba kama za kule. Nikamwambia mimi ni fundi wa mawe, si mtu wa getini.

Akasema, "Ijumaa waeleze wageni wangu kuhusu nyumba hii. Wakifurahi, ukuta wa bustani utaujenga wewe."

Ijumaa nikasimama na nyundo mbele ya wageni. Dereva wetu, Mganda, akaninong'oneza, "Mzee, achana na hiyo nyundo."

"Wewe shika usukani, mawe niachie mimi."

Nikagonga jiwe la juu ya dirisha. Halikulia. Nyundo ilizama hadi mpini. Nilipoichomoa, zilitoka chenga nyeupe, kama zile za kufungia televisheni kwenye katoni, zikaangukia kahawa ya wageni.

Bwana akalitazama shimo, kisha akanitazama mimi. "Mzee, rudi getini."

Leo nimerudi Molo, nina ng'ombe wanne, ekari mbili za viazi, na nyumba ya mbao.