Siku Wambui Aliniruka na Hakurudi

Enzi zetu mtoto hakuhitaji kutafuta ujinga, alipewa nyumbani pamoja na githeri. Naanza hivyo ndio mjue mapema: hii stori itanifanya nionekane mjinga. Lakini wewe mwenye ulilelewa Ruiru miaka ile ya hamsini usicheke sana, kwa sababu najua hata wewe uliamini.

Uliamini nini? Kwamba mtu akikuruka, hutakua. Unakumbuka? Umekaa chini, miguu umenyoosha, mwenzako anapita juu yake, hapo hapo unamshika nguo: "Rudi! Rudi vile ulikuja!" Mpaka aruke tena akitokea ule upande mwingine ndio urefu wako unafunguliwa. Cucu, nyanya yangu, alikuwa profesa wa hayo maneno. "Ukirukwa na usirudiwe," alituambia akikoroga uji, "utabaki hapo hapo kama kigoda." Na kigoda chenyewe alikuwa amekikalia, kwa hivyo mfano tuliuona.

Tuliishi kambi ya wafanyikazi wa kahawa. Buni zikiiva tulifinya ganda tukanyonya ule utamu kidogo, halafu nyapara anatufukuza. Maganda yalioza kando ya mto, na ile harufu iliingia mpaka kwa blanketi. Mpira wetu ulikuwa matambara na kamba ya mkonge. Kaptura ilikuwa moja, na nyuma ilikuwa na madirisha mawili. Siku hizi vijana wananunua suruali ikiwa na madirisha tayari, na wanaringa. Sisi tulitembea tukiegemea ukuta.

Jirani yetu alikuwa Wambui, msichana wa shule ya bweni, mrefu, miguu imeanzia karibu na shingo. Likizo moja alikuja na habari mpya: huko shuleni wasichana wanakimbia wakiruka mbao zimewekwa njiani. Viunzi, alisema vinaitwa. Tulimzunguka kama nzi.

"Kwani nani aliweka hizo mbao njiani?"

"Mwalimu."

"Si mngemwambia tu aondoe?"

"Na ukiangusha unachapwa?"

"Ngai! Nyinyi mnauliza kama polisi," alisema. "Nyamazeni niwaonyeshe."

Alikuwa amechaguliwa kwenda Kampala kukimbia na wasichana wa nchi zingine. Msichana wa kambi yetu, Kampala! Mama yake aliona aibu, ati msichana mzima anafungua miguu hewani mbele ya watu. Baba yake alisema tu, "Wacha aende, huyu hata kuni haleti bila kukimbia."

Lakini nyumbani mbao hakukuwa. Kwa hivyo viunzi tukawa sisi. Tulipiga magoti katikati ya mistari ya kahawa, paji la uso kwa udongo, mgongo juu, na Wambui akatujia. Kwanza ulisikia miguu, tu-tu-tu, halafu upepo kwa mgongo, halafu vumbi mdomoni. Alikuwa akipaa kama kitu kimekatwa kamba. Na kwa sababu alimheshimu Cucu, akifika mwisho aligeuka akaturuka tena akirudi, mmoja mmoja, ndio asiache kambi nzima ya watoto wafupi.

Sasa jioni ya mwisho kabla asafiri, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kwa mstari. Akaenda, akaruka wote. Akageuka, akaanza kurudi. Karibu anifikie, mama yake akaita, "Wambui! Pasi yako imeletwa!" Siku zile za hali ya hatari mtu hakutoka Ruiru bila pasi, ile karatasi ya ruhusa ya mkoloni. Wambui akakata kona, akaenda. Wenzangu wote wamerudiwa. Mimi nikabaki pale chini na mgongo juu, kama meza yenye imesahaulika.

Nilipomwambia Cucu, aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, na hiyo safari haikuchukua muda. "Njoro," akasema, "na akiolewa hukohuko Uganda?"

Asubuhi nilikimbia mpaka stesheni ya Ruiru. Gari la moshi lilikuwa limesimama, linapumua. Wambui yuko na sanduku la mbao kichwani na sketi ya shule imepigwa pasi ya makaa mpaka inaweza kusimama peke yake. Nikajitupa chini kati yake na mlango wa behewa.

"Njoro! Inuka!"

"Nirudie kwanza!"

"Gari linaenda!"

"Na mimi nitabaki kigoda!"

Gadi akaja na bendera yake. "Huyu kijana anakufa ama analala?"

"Anataka kurukwa," Wambui akasema. Abiria wakatoa vichwa madirishani. Filimbi ikalia, magurudumu yakaanza kusaga. Pasi ilikuwa ya safari hiyo tu. Gari likimwacha, hakuna Kampala.

"Zunguka!" nikapiga kelele. "Jana ulitokea mkono wangu wa kulia, na ndio huo umesimama! Anzia upande wa gari!"

"Nimesikia! Funga macho usiumie!"

Nikafunga. Nikasikia sanduku likitua behewani, bam! Halafu miguu, tu-tu-tu, halafu ule upepo. Nilipofungua macho Wambui alikuwa mlangoni ananipungia mkono, na watu wa behewa lote wanapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa vidole, nikijizoesha urefu.

Huko Kampala alimaliza wa pili kwa viunzi, na wa kwanza kwa mbio fupi. Baadaye akaenda Dar es Salaam, akaleta kikombe akampa Cucu, naye akakifanya cha kuwekea chumvi. Kisha goti likamkatalia, akaolewa Gatuanyaga, na hakuna mtu aliyekuja kumuuliza kitu. Mimi nilijipima kwa nguzo ya mlango kila Krismasi. Nguzo ilioza, mimi bado niko alama ile ile.

Siku hizi kahawa yetu imekuwa maploti. Watoto wanaletewa chakula na pikipiki kutoka duka lenye wanaliona dirishani. Ukimruka mmoja hata hajui amerukwa, macho yako kwa simu, na anakua tu, mrefu kama nguzo ya stima. Sijui ni nani alimfungulia. Mimi ningependa tu kusikia mmoja akilia "rudi!"

Juzi nilienda Gatuanyaga kumsalimia Wambui. Ako na mbuzi, na fimbo, na yale macho. Nikamuuliza lile swali nimebeba maisha yote: siku ile aliniruka akianzia wapi, mbona sikukua?

Alicheka mpaka akashika goti.

"Njoro wa mama, kama ningeanzia upande wa gari, ningeishia wapi? Si stesheni, nikiangalia gari likienda? Nilikuruka upande ule ule, mara ya pili." Akapangusa macho, akasimama, akaegemeza fimbo kwa ua. "Haya, lala hapo kwa nyasi. Leo sina safari."