Nilivyobebwa Ruangwa Siku ya Usaili

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia walimu wenzangu wa Likunja watalitia chumvi, na wala halihitaji chumvi, aibu yake inajitosheleza.

Nafasi ya mwalimu mkuu ilipotangazwa shuleni kwetu tuliomba wawili, mimi na Mwalimu Sharifa, basi mimi nikawa sikauki ofisi ya walimu, kila anayeingia namwambia usaili huu ni geresha tu, Sharifa anabebwa na wakubwa (ushahidi sina, wivu ninao). Nilikitaka kile cheo jamani, kwetu Nambambo mama alishaanza kuniita mkuu.

Siku ya usaili mvua imepiga Ruangwa, mbele ya ukumbi ni tope tupu, nami nimevaa suti ya kuazima. Namwona baba mmoja wa makamo, kaptula na gambuti, anasukuma gari lililonasa huku akifoka kwa lafudhi ya Songea. Mngoni! Mtani wangu kabisa, maana mimi ni Mmwera.

“We Mngoni!” nikamwita. “Mababu zako waliwabebesha mababu zangu mizigo. Leo zamu yako, inama!”

Na utani hauna kukasirika. Akacheka, akainama. “Haya panda, mtani, yaishe.”

Nikapanda mgongoni, nikawa nawapungia mkono waliojaa barazani kama bwana harusi, wao wanapiga picha na simu, na Sharifa anapita pembeni yetu, viatu mkononi, miguu yote tope.

Kuingia kwenye usaili, mwenyekiti wa jopo ni nani? Yule yule, na kaptula yake!

“Karibu, mtani,” akasema. “Hebu tuambie, uongozi wa haki ni upi?”

Nilichojibu sikijui hadi leo, nakumbuka jasho tu.

Majibu yakatoka. Nimepata mimi! Nikaapa kwamba nimeshinda kihalali, lakini nani wa kunisikia, wakati picha yangu mgongoni kwa mwenyekiti imeshazunguka kila simu mpaka Nachingwea?

Wote walicheka isipokuwa Sharifa. Alinipa mkono, akasema taratibu, “Hongera, mkuu. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu.”

Iliniuma, na inaniuma, kwa sababu hata mimi mwenyewe sijui kama nilichaguliwa au nilibebwa. Kusema fulani kabebwa nimekoma, na yule mtani nimemwomba tusisalimiane mpaka nistaafu.