Sura Sita Kabla ya Boti

Shule ilipoporwa mwaka wa tisini na sita, waporaji waliondoka na mabati, madawati na hata kengele. Vitabu hawakuvigusa. Adolphine, mwalimu wa darasa la nne, aliona uchungu kwa siku mbili tatu, kana kwamba ni yeye aliyetukanwa. Siku ya nne akachukua kikapu, akaingia katika chumba kisicho na paa, akachagua.

Hakuchagua vitabu vya hesabu. Alichagua riwaya kumi na moja za Kifaransa zilizoachwa na masista, zote za namna moja: kijiji kidogo cha Ulaya, mtu anakufa ukurasa wa ishirini, na kabla ya ukurasa wa mwisho mzee fulani mdadisi amekwisha kumtambua muuaji. Akiwa chuoni Bukavu, Adolphine aliweza kumaliza moja kwa siku, sufuria ya maharage ikiungua pembeni. Vita vilimfundisha kusoma kama watu wanavyotumia chumvi adimu, kidogo kidogo, kwa kuonja.

Mwaka wa tisini na tisa alikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, shule bado imefungwa, na riwaya zote zimekwisha isipokuwa moja, yenye jalada la kijani. Asubuhi alinunua ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwa wavuvi wa Baraka, mji wao wa Kongo, na kuwaanika mchangani pamoja na wanawake wengine. Kazi yenyewe haikuwa nzito: kugeuza samaki, kufukuza kuku na bata, kungoja jua limalize. Katika kungoja huko ndipo alipoanza kuwasomea. Macho yalisoma Kifaransa, mdomo ulitoa Kiswahili. Sura moja kwa siku, na yeye mwenyewe hakuwa amechungulia hata mstari mmoja kabla yao. Hiyo ilikuwa sheria yake.

Wanawake walimwita Madame, kama wanafunzi wake wa zamani, na walikijua kile kijiji cha kitabuni kuliko kata ya pili ya mji wao. Walimjua mchungaji na dada yake aliyempikia. Walimjua paka aliyepotea. Walimjua Mama Posta, mstaafu wa posta mwenye baiskeli na masikio makali, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali kama mtu anayeomba moto. Aliyekufa alikuwa mwandishi wa hati za urithi. Alikunywa chai kwa mchungaji, akarudi nyumbani, akalala, hakuamka.

Siku ya kwanza, Riziki aliuliza swali ambalo Adolphine hakulitarajia. Riziki alikuwa mkubwa wao wote, mjane wa Kiislamu aliyezaliwa hapo hapo pwani ya ziwa, na wote walimwita Yaya, dada mkubwa.

"Mutu moja tu njo alikufa?" alisema.

"Moja tu, Yaya."

"Na kijiji muzima banaacha kazi juu ya kutafuta mwenye alimuua?"

"Ndiyo."

Riziki aligeuza ndagala wake kwa muda mrefu. "Basi soma," alisema. "Hiyo inchi naipenda."

Katika sura ya nane ilikuja habari ya mazishi. Chakula kiliandaliwa, na daktari wa kijiji akakataa kula. Hapo pwani pakalipuka.

"Munganga!" Florentine alipiga paja. Huyu alikuwa mdogo wao, mbishi kuliko bata. "Munganga njo aliua! Mutu mwenye anakatala chakula pa kilio, iko na kitu mu roho."

"Florentine, kule hawana desturi hiyo," Adolphine alisema. "Mtu anaweza kuwa hana njaa."

"Pa kilio? Njaa iko na kazi gani pa kilio? Unakula juu ya heshima!"

Wote walikubaliana naye. Kuanzia siku hiyo daktari hakuwa na rafiki Baraka. Kila alipotokea kitabuni alizomewa. Akimpa mtoto dawa, walimwonea mtoto huruma. Adolphine, pamoja na elimu yake, alianza kumshuku pia, akawa anamsoma kwa sauti nzito bila kukusudia.

Walikuwa wamemaliza sura ya kumi na tano, kati ya ishirini na moja, Riziki alipokuja bila beseni la samaki.

"Mutoto wangu wa Kigoma ametuma neno," alisema. "Niende kuishi kwake. Boti ya Waziri inatoka kesho mangaribi, kama mafuta inafika. Mi sirudi mpaka vita iishe."

Wengi walikwisha kuvuka ziwa mwaka ule, na kila mmoja alikuwa amesema hivyo hivyo.

"Sasa Madame," Riziki akaendelea, "niambie nani aliua."

"Yaya, sijui."

"Unajua. We njo mwenye kitabu."

"Kweli sijui. Tunasoma pamoja."

"Basi angalia kule nyuma! Jina lake haiko kule nyuma?"

Lilikuwako. Adolphine alikishika kitabu, kidole gumba juu ya kurasa za mwisho, na kidole kikakataa. Hii ilikuwa riwaya ya mwisho aliyokuwa nayo. Katika miaka mitatu ya kukimbilia milimani na kurudi, hakuwa na jambo jingine maishani ambalo lilimngoja palepale alipoliacha, kwa mpango, hadi yeye awe tayari. Aliona haya kuyasema hayo mbele ya mwanamke anayeacha kaburi la mumewe.

"Kesho nitasoma toka asubuhi," alisema. "Sura zote sita. Tutamaliza kabla hujapanda."

"Mi nikipanda bila kujua," Riziki alisema, "nitafika Kigoma na ile kitu mu kifua kama mufupa wa samaki."

Kesho yake samaki walianikwa ovyo. Kufikia saa sita sauti ya Adolphine ilikuwa imekauka, na sura tatu zimekwisha. Walihamia gatini, wakaketi juu ya mizigo ya abiria. Mafuta hayakuwa yamefika, na abiria nao hawakuwa na la kufanya, wakasogea. Aliyefika katikati alisimuliwa na jirani yake upesi upesi, na kila msimulizi alianza na daktari kukataa chakula.

Waziri, mwenye boti, alipita mara tatu akisonya. "Bamama, hapa ni gati, haiko kanisa."

Mara ya nne alisimama. Mara ya tano alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, akisema kwamba yeye anamshuku yule paka.

"Paka anaweka sumu namna gani, weye?" Florentine alimuuliza.

"Sijasema aliweka. Nasema anajua."

Kicheko kilipanda hadi kwa wavuvi. Adolphine alikunywa maji, akaendelea. Mama Posta alikuwa amewakusanya wote sebuleni kwa mchungaji na kufunga mlango, na sura ya ishirini ilikuwa inaelekea ukingoni, pale mtu alipopiga kelele kwamba mapipa ya mafuta yamefika.

Waziri akaruka, akawa mwenye boti tena. "Tunapanda! Upepo haitungoje! Mama, panda, tafazali."

"Mupe dakika kumi," Riziki alisema.

"Mama, mi mwenyewe nataka kujua. Lakini giza ikitukuta hapa, balinzi ba gati banatukatala kutoka. Panda."

Walimpandisha na beseni lake na mkeka wake. Adolphine akamfuata akisoma, akaingia majini, kikwembe kikilowa hadi magotini, hadi mapajani, kitabu kikiwa juu. Mama Posta alikuwa anaeleza habari za kikombe cha chai, kwa utaratibu, kama wazee hawa wanavyoeleza siku zote. Vijana wakasukuma boti kwa fito. Moteri ikakohoa, ikashika.

"Madame!" Riziki aliita. "Nani?"

Zilibaki kurasa tisa. Adolphine hakuwahi kuruka ukurasa maishani mwake. Alizishika zote tisa kwa mkupuo, akazigeuza, macho yakashuka haraka mpaka yakakuta jina, na mdomo ukalitoa kwa Kiswahili kabla yeye mwenyewe hajalielewa.

"Dada ya mchungaji!" alipaza sauti. "Yaya! Ni dada ya mchungaji!"

Boti nzima ikashika kichwa. Waziri aliachia usukani, boti ikapinda, wakamkemea. Riziki alisimama, abiria wakimshika kikwembe asianguke.

"Ule mwenye kupika?" aliita. "Mwenye upole?"

"Huyo huyo!"

"Aaa! Na munganga wa batu tumemutukana wiki muzima!" Alikuwa anacheka hata machozi, au machozi yalikuwa na sababu yake, kwa umbali ule Adolphine hakuweza kutofautisha. "Mumuombe radhi, Madame! Mumuombe radhi kwa jina yangu!"

Adolphine alibaki majini mpaka moteri isisikike. Aliporudi ufukweni aliwakuta wanawake wakicheka na kubishana, isipokuwa Florentine, aliyekuwa amechuchumaa mbali, vidole masikioni, macho ameyafumba.

"Musiniambie!" alikuwa akipiga kelele. "Mwenye ataniambia, mi naye basi! Mi nataka kusikia kwa mupango!"

Saa nane ya siku iliyofuata, jua likiwa kali na samaki wamegeuzwa, Adolphine alifungua kitabu mahali alipokiachia majini, kwenye habari za kikombe. Hakuna mwanamke aliyekosa kufika, hata wale ambao hawakuwa na ndagala siku hiyo. Mahali pa Riziki palikaa wazi, hakuna aliyepakalia. Wote walikuwa wamegeuka, si kumtazama msomaji, bali kumtazama Florentine.

Adolphine alisoma polepole. Alilijua jina, ila namna yake hakuijua, na alishangaa kuona kwamba bado ana njaa ya kila mstari.

"Sasa," Florentine alisema, akiinua kidole, "sasa njo banamukamata munganga."

Mwanamke mmoja aliuma pindo la kikwembe chake. Mwingine alianza kukohoa, akapigwa kiwiko.

"Musicheke," Florentine alisema. "Juu ya nini munacheka? Madame, endelea."

Adolphine akafunua ukurasa.