Paa Lililovuja Likiwa Mwendoni

Nilikwenda Kigali kumpeleka mke wangu kwa dada yake, na sikuwa na hakika kama nitarudi naye. Sababu ya safari ni hiyo, sitaki kuipamba. Mwajuma alizaliwa Nyamirambo, mtaa wa huko Kigali, nikamuoa nikamleta kwetu Bukoba, na mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tunaishi ndani ya lori. Mimi ni mpiga picha. Nilinunua lori kuukuu, nikaling'oa bodi, nikalijengea nyuma chumba cha mbao chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa na paa la bati bapa, tukawa tunazunguka minadani kupiga watu picha. Nilikijenga kwa mikono yangu mwenyewe, na ole wake aliyekitia kasoro mbele yangu.

Kasoro ilikuwa moja tu: paa lilivuja. Mwajuma mgongo ulikuwa unamsumbua, hakuweza kukaa kwenye kiti cha mbele, kwa hiyo safari zote alilala nyuma kitandani, na maji yakimdondokea hapo hapo. Kifua kikaanza kumbana. Nilipaka lami kwenye maungio ya bati mara tatu. Baada ya ile ya tatu akaniambia, "Mume wangu, mimi naenda kwa dada Zaituni. Likivuja njiani safari hii, utarudi peke yako." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Alfajiri tuliondoka Bukoba kukiwa kukavu. Nilikuwa nimepaka lami ya nne siku iliyotangulia, na moyoni nilijiambia, safari hii litakoma.

Biharamulo tuliikuta na mvua ya masika. Niliendesha ndani ya mvua hiyo kama saa nzima, kisha nikasimama nikaenda kufungua mlango wa nyuma. Godoro lilikuwa limelowa upande mzima wa ukutani. Mwajuma amejikunyata pembeni na blanketi kichwani.

"Nimekwambia tangu mwaka jana," akasema. "Likienda linavuja, likisimama linanyamaza."

"Bati halijui kama linakwenda au limesimama, mke wangu. Hilo ni jasho la bati."

"Jasho! Limebeba nini hata litoke jasho?"

Nikafunga mlango. Kusema kweli nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huona kila anayesema kweli anamtafuta ugomvi. Tangu hapo hakunisemesha tena. Tulilala Ngara, kila mmoja kaelekea ukuta wake.

Asubuhi ya pili tulivuka daraja la Rusumo, maji ya Kagera yakinguruma chini yetu. Ng'ambo ya pili inabidi uhamie upande wa kulia wa barabara, na mimi mikono yangu ilikuwa inajua kushoto tu. Askari wa mpakani alilizunguka lori mara mbili. "Hii iko gari ama iko nyumba?" akauliza. Nikamjibu ni vyote viwili. Akachungulia nyuma, akamwona Mwajuma na godoro lake, akanirudishia karatasi zangu bila kucheka.

Kutoka Kibungo mvua ikaanza tena, na haikutuacha. Barabara ni ya lami, lakini kona haziishi, unapanda unashuka, unapanda unashuka. Macho yaliniwasha. Baada ya sala ya alasiri, siku hiyo ya Ijumaa, tukaingia Nyamirambo tukitambaa mlimani kama konokono, na watu wakatoka kwenye maduka ya vitambaa kutazama kibanda chenye magurudumu.

Zaituni alimkumbatia mdogo wake, akashika blanketi, akalikamua. Maji yakachuruzika. "Ihangane," alimwambia kwa Kinyarwanda, yaani pole, jikaze. Kisha akanigeukia mimi. "Karibu, shemeji," akasema, blanketi bado mkononi. Mwajuma alishusha sanduku lake. Halafu akarudi akashusha na sufuria zake. Mwanamke akishusha sanduku, anatembea. Akishusha na sufuria, bwana, anahama.

Mumewe Zaituni, Kassim, ni fundi cherehani, ingawa zamani alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa hapo. Jioni hiyo alipanda juu ya paa langu na ndoo ya maji, akaimwaga yote kwenye maungio. Tukaingia ndani kutazama. Pakavu, hata tone. Akapanda na ndoo ya pili. Pakavu.

"Shemeji," akasema akifuta mikono, "hii bati iko mzima kabisa. Ugonjwa yake iko wapi?"

Nilitaka kulia. Maradhi yanayojificha mbele ya daktari yana adabu gani?

Jumamosi asubuhi sikupata hata nafasi ya kulala. Kigali ya wakati huo Jumamosi ni umuganda, kazi ya wote: maduka yanafungwa, cherehani zinanyamaza, kila mwenye nguvu anatoka na jembe lake. Kassim akasema mgeni si lazima, ila majirani wataniangalia vizuri nikienda. Basi nikajikokota. Kundi letu lilipewa kuezeka darasa la shule. Nikafurahi kidogo, maana bati nalijua.

Sikuwa nimepigilia hata bati la pili, mzee aliyekuwa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, akapiga kelele. "Wewe mgeni! Unaweka namna gani hiyo? Upepo inatoka kule bondeni! Mdomo ya bati isiangalie upepo!"

Nikaona haya, kwa kuwa hilo nalijua tangu utotoni: ukingo wa bati linalolalia jingine usielekee upepo, usije ukapitisha maji. "Samahani mzee," nikamjibu. "Kwetu upepo unatoka ziwani. Mkono umezoea. Hata hili lori langu, nililiezeka uani, nyuma yake ikielekea ziwani, nikaanza mbele, kila bati la nyuma likalalia la mbele yake, ili mdomo usitazame upepo."

Kassim alikuwa chini akinipa misumari. "Shemeji," akasema taratibu, "na gari ikitembea, upepo yake inatoka wapi?"

Nikaiweka nyundo chini. Niliweka midomo yote ya maungio ikatazama mbele. Niliiezeka nyumba iliyosimama, nikaitia magurudumu, na kila nilipokanyaga mafuta nilikuwa nayasukuma maji ya mvua kinywani mwa bati, hadi kitandani kwa mke wangu. Lami ile ikipasuka kwa mtikisiko wa barabara, haina la kuzuia. Likienda linavuja, likisimama linanyamaza. Aliniambia kwa maneno manne tu, nami nikamjibu habari za jasho.

Jumapili na Jumatatu tuling'oa bati zote saba. Tukaanza upya kutokea nyuma, safari hii bati la mbele likilalia la nyuma yake, na katikati ya maungio tukabana vipande vya tyubu ya tairi. Kassim alivikata kwa mkasi wake wa kushonea, na Zaituni alipomwona akapiga yowe kama aliyeibiwa. Mgongo uliniuma, vidole vikachubuka. Mwajuma alipita uani mara kadhaa na hakutazama juu.

Jumanne mvua ikanyesha asubuhi. Nikamwendea mlangoni. "Twende ukajaribu," nikamwambia. "Halivuji tena."

"Mimi nimeshajaribu miaka miwili," akasema. "Kassim aendeshe. Ulale wewe."

Basi nikalala. Kassim akashuka nalo Nyabugogo, akatoka nje ya mji, akakanyaga mafuta. Nililala chali nikitazama maungio. Bati likapigwa na mvua kwa kelele ambayo sikuwahi kuidhania, na kitanda kikanirusha kila kwenye kona. Halikudondoka tone. Lakini mlimani jiko likachomoka mahali pake, mafuta ya taa yakaanza kumwagika, harufu ikanipanda kichwani. Nikagonga ukuta wa mbele Kassim asimame. Nikagonga kwa ngumi. Nikaita jina lake kwa sauti yangu yote. Lori likaendelea, na mimi nimelishika jiko kwa miguu, hadi Kassim alipoamua mwenyewe kugeuza.

"Uligonga?" akashangaa aliponifungulia. "Wallahi, mbele hakusikiki kitu."

Miaka miwili nimeliendesha lile lori, na sikuwahi hata siku moja kuwa ndani ya chumba kile likiwa linakwenda. Nilirudi Nyamirambo mkavu, nanuka mafuta ya taa, na sikuweza kumtazama mke wangu usoni. Yeye akaingia, akapapasa godoro lote, pembe hadi pembe. Kisha akaenda ndani akatoka na sufuria zake.

Jumatano tuliaga. Zaituni akalia, Kassim akanikumbatia. Mvua ilitupata tukipita Rwamagana, na kila kona nilitega sikio ukutani, nikasikia injini tu. Kayonza nikasimama, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma. Alikuwa amelala, shuka kavu.

"Mwajuma," nikasema, "tulipokuwa tunakuja, ulikuwa unagonga?"

"Tangu Biharamulo."

"Sikusikia. Wallahi sikusikia. Nisamehe."

"Najua," akasema. "Nilijiambia, angesikia angesimama. Nilijiambia hivyo njia nzima mpaka Kigali."

Nikabaki nimesimama pale, mlango nimeushika wazi, hadi akaniambia niufunge, maana sasa mvua inaingia ndani.