Chupa Iliyobaki na Kizibo

Biashara ya soda Nakhungu alifundishwa na marehemu mumewe, Mukhisa, aliyepakia kreti kwenye malori pale Kitale kwa miaka kumi na minne. Mukhisa alipenda kusimulia aliyoyasikia kwenye semina: ati kinywaji kile kilianzia kwa mfamasia mmoja wa Amerika, aliyeuza glasi chache kwa siku ili kuwatuliza watu maumivu ya kichwa, na sasa kimefika hata Endebess, mahali ambapo Panadol yenyewe hukosekana. Kisha alikuwa akigonga kizibo cha chupa kwa ukucha, akisema:

"Watu wanadhani tunauza sukari. Tunauza hiki. Mtu hamwamini hata ndugu yake, lakini hiki anakiamini, bana."

Kwao Mukhisa, Kabuchai, mgeni hufunguliwa soda mbele ya macho yake, asije akashuku sumu. Hilo hata mtoto analijua.

Mukhisa alipokufa, tumbo likiwa limevimba, hospitali ilisema ni ini. Kaka yake, Wangila, aliyasikia hayo kwa sikio moja yakatokea la pili. Alianza kunong'ona kwamba Nakhungu, bibi wa Kitale, ndiye aliyemmaliza ndugu yake kwa sumu. Mwaka mmoja baada ya mazishi wazee wakaitisha kikao, waamue kama Nakhungu na binti zake wawili watapewa ile nusu ekari yenye kaburi la Mukhisa. Wangila alikuwa ameshaikodolea macho kwa ajili ya miwa.

Nakhungu aliondoka Kitale alfajiri, bila kutia kitu tumboni, na soda saba kikapuni: tano za wazee, moja ya Wangila, moja yake. Alifika Kabuchai amechelewa. Wazee walikuwa wameshakaa, na mmoja alikuwa akiulizia fimbo yake aende zake. Akakimbilia jikoni kwa Joan, mke wa Wangila, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya kibandani kwake Kitale saa ya chakula cha mchana, wateja wakiwa wamepanga foleni. Fungua, fungua, fungua. Ee Mungu, mikono ya mazoea hii! Alifungua sita. Yake akaiacha, kwa kuwa mwenye kukaribisha hunywa mwisho. Akaziweka zote kwenye sinia na kuingia nazo huku akitabasamu.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Shemeji," Wangila akasema, "hizi zimefunguliwa wapi?"

"Jikoni. Niliona nisiwacheleweshe wazee."

"Na hiyo yako, mbona bado iko na kizibo?"

Nakhungu alitazama sinia na kuona walichokiona wao. Kisha akainyakua chupa ya kwanza, akainywa yote. Akachukua ya pili.

"Si mnaona? Nakunywa! Mimi nakunywa!"

Soda zilikuwa moto kwa safari, na tumbo lilikuwa tupu. Alipofika ya nne gesi ilimpanda puani, machozi yakamtoka, na kabla hajaufikia mlango akatapika, mbele ya wazee, kwenye mkeka.

"Mmejionea wenyewe," Wangila akasema kwa sauti ya chini.

Wazee hawakumtukana. Walichukua kofia zao wakatoka mmoja mmoja, wakizunguka mbali na ule mkeka. Joan alileta maji ya kupangusa, akayaacha mlangoni. Mvua zilipoanza, miwa ilipandwa mpaka ukingoni mwa kaburi, na Nakhungu akaambiwa kwamba akitaka kuliona aombe ruhusa kwanza.

Ile chupa ya saba alirudi nayo Kitale jioni ile ya kikao. Asubuhi yake akaitia kwenye friji pamoja na nyingine. Kijana mmoja wa bodaboda akainunua, akamnyooshea amfungulie kama siku zote. Nakhungu akamwekea opena kiganjani.

"Fungua mwenyewe."

"Ah, mathe, kwani leo umechoka?"

"Fungua mwenyewe, mwanangu. Mimi nitasimama kule."

Akarudi nyuma hatua tatu, mikono mgongoni, mpaka aliposikia kizibo kikianguka.