Suruali ya Tetemeko Niliipiga Bandi

Ni mimi. Hakuna mwingine. Miaka yote hii watu wa Malindi wanasema Tetemeko aliipasua suruali yake makusudi mbele ya mgeni wa heshima, nami nimekuwa nikiitikia, "Ee, yule mtu alikuwa na vituko!" Mwongo mkubwa mimi! Suruali ile niliipasua mimi, nimekaa kitako kwenye kiti, nakunywa soda yangu.

Nisikilizeni kwanza. Mkishamaliza nihukumuni mnavyotaka.

Kwa asiyemjua, Tetemeko alikuwa mpiga drami wa bendi ya roki iliyokuwa ikipiga kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Jina hilo tulimpa sisi mashabiki wake. Jumapili mchana hoteli ilikuwa ikiwafungulia wenyeji lango, tunaingia kwenye bugi, tunacheza mpaka jua litue. Watu walitoka Magarini, wengine Kilifi. Kucheza ilikuwa kisingizio. Tulikwenda kumtazama Tetemeko.

Jamani, yule hakupiga drami, alipigana nazo! Akizichoka anashuka jukwaani na vijiti vyake. Atapiga meza, atapiga chupa, atapiga sinia la mhudumu huku mhudumu anakimbia nalo. Kipara cha mpiga besi alikuwa akikigonga kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Kisha anapotelea jikoni. Sisi kimya, tunasikia masufuria yakilia kule ndani na mpishi akifoka, "Toka! Toka kwenye wali wangu!" Mara anachomoza mlango wa pili, kifuniko cha sufuria kichwani, na mdundo haujakatika hata mara moja.

Mimi nilikuwa binti wa cherehani. Nilitoka kwetu Magarini kuja kukaa kwa shangazi yangu mjini, naye akanipa kibaraza cha nyumba yake nishonee hapo. Siku moja Tetemeko akaniletea kitambaa. "Fundi, nishonee suruali, na Jumapili nitalitaja jina lako kwenye kipaza sauti."

Nilifurahi mno! Mtaa mzima nikauambia. Hata shangazi, ambaye hajawahi kukanyaga hoteli, akavaa leso zake mpya tukafuatana.

Kweli, Jumapili akasimama, akanionyesha kwa kijiti. "Mnamwona binti yule? Ndiye fundi wangu. Nilimpa kitambaa cha suruali, akanirudishia magunia mawili ya makaa, kayaunga kiunoni!" Akainua mguu mmoja, akainua wa pili, watu wajionee. Ukumbi ukalala kwa kicheko. Na shangazi naye akacheka! Shangazi yangu, damu yangu!

Sasa nakubali, ilikuwa pana. Niliona haya kumpima mwanamume mapaja, nikakata kwa kukisia. Lakini ndiyo useme mbele za watu? Kesho yake nikaitwa Fundi Gunia, wakubwa kwa watoto. Bibi harusi mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla sijakigusa, ati mama yake ameghairi. Nililia nikiwa nimekumbatia cherehani.

Baada ya majuma mawili, huyo! Kaja tena, anacheka, kashika satini nyekundu. "Fundi, safari hii nibane. Jumapili anakuja mtu kutoka Nairobi, anatafuta bendi ya kurekodi na kuipeleka ng'ambo. Nataka na mimi nionekane mtu."

Hapa ndipo penye kosa lenyewe, msiruke. Nilijua siku ile ilikuwa na maana gani kwake. Aliniambia kwa kinywa chake. Na bado!

Mafundi wenzangu wanajua bandi ni nini. Ni ule mshono wa muda, nyuzi ndefu za mkono za kushikiza kitambaa kabla hujakipitisha kwenye cherehani. Suruali ile niliishona vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona, isipokuwa mshono wa makalioni. Hapo nilipiga bandi tu, nikapitisha pasi juu yake, ikatulia kama mshono halali. Akaja akaijaribu, akajigeuza mbele ya kioo.

"Fundi! Mikono yako ibarikiwe!"

Nikamjibu, "Amina." Amina, mimi! Uso mkavu!

Mtu akisimama wima, ilishika. Lakini Tetemeko alisimama wima lini?

Jumapili ikafika. Mgeni alikaa mbele, suti ya kijivu, miguu kaipandanisha. Wimbo wa kwanza salama. Wa pili salama. Nikaanza kuomba moyoni uzi ushike, wallahi naapa. Hasira ilikuwa imeshanitoka, nimebaki na hofu. Nilifikiri niende nimwambie wakati wa mapumziko. Sikwenda.

Wimbo wa tatu akapanda juu ya kigoda chake, akarusha mguu apige sahani ya shaba kwa kisigino, ule mchezo wake tulioupenda kuliko yote.

Praaa!

Ilifunguka kuanzia nyuma mpaka mbele. Ndani kulikuwa na bukta ya maua makubwa mekundu na manjano, kama pazia la sebuleni. Muziki ukasita. Ikawa mara ya kwanza kumwona Tetemeko ametulia. Vijiti viko juu, na yeye hajui avishushe wapi.

Shangazi yangu ndiye aliyeinuka. Alifungua leso yake ya juu, akaivingirisha, akamrushia. "Mwanangu, jistiri!"

Tetemeko akaidaka hewani, akajifunga kiunoni, fundo la kike kabisa, na hapo akapiga drami ambazo sijazisikia tena mpaka leo. Akina mama wote wakavua leso zao za juu wakawa wanazipunga. Mhudumu katupa sinia. Mpishi katoka jikoni na upawa anacheza! Nami nikapiga makofi na kulia kwa wakati mmoja, na jirani yangu akadhani ni furaha.

Lakini yule mgeni alikohoa, akachukua kofia yake, akaondoka kabla wimbo haujaisha.

Jioni ile, uani, kiongozi wa bendi, mpiga gitaa la solo, alimshika Tetemeko kifua. "Umetuharibia! Umeipasua makusudi kwa mizaha yako!"

"Haki ya Mungu, sikuipasua."

Nani angemwamini mtu anayetoka jikoni na kifuniko kichwani? Wakamfukuza. Mimi nilikuwa hapo hapo, karibu na bomba la maji, nikijifanya naosha mikono. Niliiosha sana.

Jumatatu asubuhi akaja kibarazani, akaitandaza suruali juu ya cherehani yangu, akaigeuza upande wa ndani.

"Fundi, hii ni bandi."

"Uzi ulikuwa mbovu," nikasema.

"Baba yangu alikuwa fundi kule Mnarani. Mimi nimetambaa chini ya cherehani."

Akaikunja ile suruali. "Yale maneno ya gunia yalikuuma?"

"Yaliniuma."

"Basi niliyeanza ni mimi. Nisamehe. Lakini, Fundi, si ungepanda tu jukwaani ukanitukana? Hata drami ningekupigia, utukane vizuri!"

Nikacheka. Naye akacheka. Kisha nikalia, nikamwambia nitakwenda sasa hivi kuwaeleza wenzake, wamrudishe kazini. Akasema, "Ukiweza, nenda. Mimi hawanisikilizi."

Nilikwenda. Nilifika mpaka langoni pa hoteli. Yule mpiga gitaa akatoka, akanitazama, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nimekuja kuulizia tepu yangu ya kupimia, labda niliiangusha jana. Akaitafuta, maskini, hata chini ya meza. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani.

Ndiyo hivyo. Bendi ilimpata mpiga drami mwingine, mtaratibu kama karani, na baada ya miezi michache watu wakaacha kwenda kwenye bugi. Tetemeko alihamia Mtwapa, akawa anapiga kwenye mabaa na kwenye harusi, kajifunga leso kila siku kwa sababu watu walimtaka hivyo. Mimi biashara ilirudi. Mabibi harusi walikuja. Lakini kwenye kibaraza changu Tetemeko hakupita tena, na kila nikisikia drami kwenye kanda ya mtu nilikuwa naingia ndani.

Mwaka huu amefariki, kwa maradhi ya siku chache. Tulikwenda Mnarani kumzika, kisha tukakaa kwa dada yake, sisi mashabiki wa zamani, tu wanene kiasi na mvi tele. Mmoja akanong'ona kwamba bado anangoja kusikia jeneza likigongwa kwa ndani, tukacheka mpaka tukaona haya. Kila mtu akatoa kituko chake. Mpishi alikuwepo, akalia kwa ajili ya masufuria yake.

Kisha akasema mpiga gitaa. "Nilimpenda yule mtu. Ila ile siku ya mgeni alitukosesha bahati kwa mzaha, na hilo nimeshindwa kulisahau."

Nikasimama. Nikasema, "Si yeye. Ni mimi. Niliipiga bandi ile suruali." Nikaeleza yote, mpaka ile tepu.

Halafu mpishi akaangua kicheko. "Haa! Mama na wewe unataka umaarufu wa Tetemeko!" Wote wakaangua. "Kila mtu ana kipande chake!" Mpiga gitaa akanipigapiga begani kwa upole. "Dada, usijitwike dhambi za marehemu. Sisi tulimjua."

Nikaletewa chai!

Hawakuniamini, na aliyeweza kunishuhudilia tulikuwa tumemzika saa mbili kabla. Ndiyo maana naandika. Wewe unayesoma, kama umemtia mtu doa na unajua, nenda leo ukaseme, midomo itetemeke kama itatetemeka, sauti ikatike kama itakatika. Usingoje upate ujasiri. Mimi niliupata, mbele ya watu wote, na ukweli wangu ukachekwa kama kituko kimoja zaidi cha Tetemeko.

Na kama unamjua yule mpiga gitaa, tafadhali, msomee haya. Msomee polepole. Mwambie binti wa cherehani anaapa.