Ushuhuda Wangu wa Maziwa

Ndugu zangu, naungama. Daktari wa mifugo kutoka Njoro alinishauri nimchanganyie ng'ombe wetu nyasi kavu, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na madini, yote kwa vipimo. Mimi mzee wa kanisa nikamcheka, nikaamua kumwombea ng'ombe kila asubuhi. Baada ya wiki tatu maziwa yakaongezeka. Jumapili nikashuhudia, nikawakemea wanaotegemea magunia kuliko Mungu.

Mchungaji akampa mke wangu kipaza sauti athibitishe.

"Bwana asifiwe! Maombi ya Baba Ruth yamesaidia sana. Kila alipojifungia kuomba, nilipata nafasi ya kumlisha ng'ombe alivyosema daktari."

"Amina!" kanisa lote likaitikia. Mahubiri yangu hayajawahi kupata amina kama hiyo.